Senta mzuri, goti bovu: tumsajili au tumwache?

SWALI: Daktari, mimi ni katibu wa klabu ya mpira wa vikapu hapa Kisumu. Mwaka huu tumepata mdhamini, na kwa mara ya kwanza tunaweza kuwalipa wachezaji mshahara wa kila mwezi. Kuna senta wa miaka 24, urefu mita 2.03, anayetaka kuja kwetu. Akiwa mzima hakuna wa kumsukuma chini ya kikapu. Tatizo ni historia yake. Alikatika kano ya ndani ya goti la kushoto akiwa chuoni, akafanyiwa upasuaji, akarudi uwanjani baada ya miezi sita. Msimu uliopita alicheza karibu nusu tu ya mechi: goti lilikuwa likivimba, na kifundo cha mguu huohuo kikateguka mara mbili. Anaomba mkataba wa miaka miwili, shilingi 60,000 kwa mwezi. Kocha anamtaka kufa kupona. Mweka hazina anasema tunanunua mgonjwa. Tumsajili? Na je, mdhamini aambiwe habari za goti?

JIBU: Ndugu Katibu, salamu kutoka Nakuru. (Umeniita daktari. Mimi ni mwanafiziotherapia, yaani mtaalamu wa mazoezi ya tiba, lakini wachezaji nao huniita hivyohivyo na nimeacha kuwasahihisha.)

Ningemsajili. Ila si kwa mkataba huo anaouomba, na si kabla hajalala usiku mmoja baada ya vipimo nitakavyovieleza hapa chini. Mweka hazina wako msimpuuze, swali lake ni halali, isipokuwa ameliuliza nusu. Kumwita mtu mgonjwa hakutusaidii mpaka tujue anaugua nini, na kwa nini hajapona hadi leo.

Kilichonishtua katika barua yako si upasuaji. Ni ile miezi sita. Kano ile ya katikati ya goti, inayozuia mfupa wa muundi usiteleze kwenda mbele, ikikatika kwa kawaida haishonwi. Mpasuaji huchukua kipande cha kano nyingine, ya nyuma ya paja au ya chini ya pia ya goti, akakipachika mahali pake. Kipande hicho huchukua miezi mingi kushika na kukomaa, na kwa muda huo wote misuli ya paja inatakiwa ijengwe upya kwa mazoezi ya kupangiwa. Wanamichezo waliofuatiliwa baada ya upasuaji huu wameonyesha kwamba kila mwezi wa kusubiri, hadi kufikia wa 9, hupunguza hatari ya goti kuumia tena kwa karibu nusu. Kwa walio chini ya miaka 25 wanaorudi michezoni, karibu 1 kati ya 4 hukatika tena, ama goti lilelile, ama lile lililokuwa zima. Huyu kijana alirudi mapema, na alirudi akiwa katika umri huohuo.

Sasa jiulize kwa nini alirudi mapema. Sijamwona, lakini naijua njia ambayo vijana wetu wengi hupitia. Mchezaji anaumia, wenzake wanafungua kundi la WhatsApp, wanachanga, chuo kinaongeza kidogo, familia inauza kitu. Fedha zote zinaishia kwenye upasuaji. Anakuja kwa fizio wiki chache za mwanzo, halafu nauli na ada zinamshinda, anarudi nyumbani. Huko anatembea, anapanda kilima, anabeba maji. Mwezi wa nne maumivu yanakwisha. Mwezi wa sita kocha anampigia simu. Ukimpima paja wakati huo utakuta la mguu ulioumia limesinyaa ukilinganisha na la pili, na yeye hana habari, kwa sababu hakuna aliyemwambia kwamba kutoumwa na kupona ni mambo mawili. Anarudi kwenye uwanja wa saruji, anaruka, anatua vibaya kwa mguu dhaifu. Goti linavimba. Kifundo kinateguka. Kamati inahesabu majeraha matatu, wakati mimi naliona moja.

Hapo ndipo mifano ya NBA, ligi kuu ya vikapu ya Marekani, inapowapotosha watu wetu, na naona hata kocha na mweka hazina wako wanabishana kwa mifano hiyo. Mwaka 2007, katika uteuzi wa wachezaji wapya, klabu ya Portland ilimchagua Greg Oden akiwa wa kwanza, ikamwacha Kevin Durant aende Seattle. Septemba mwaka uleule Oden akapasuliwa goti la kulia kwa sababu ya gegedu, na msimu wake wa kwanza ukapita wote bila yeye. Desemba 2009 pia ya goti la kushoto ikavunjika katikati ya mechi. Alipoondoka Portland alikuwa amewachezea mechi 82, yaani hesabu ya msimu mmoja wa kawaida. Lakini Oden alikuwa na wapasuaji bora, mashine, mabwawa ya mazoezi na watu wa kumwangalia kila asubuhi. Mtu aliyehudumiwa kiasi hicho akiendelea kuvunjika, basi mwili wake ndio unaosema. Senta wako hajapata hata robo ya huduma hiyo. Kuumia kwake mara kwa mara hakujatuambia bado kama ana mwili dhaifu au ana matibabu yaliyoachwa njiani. Na bei ya mambo hayo mawili haiwezi kuwa moja.

Hata kule NBA wapo waliosumbuliwa na kasoro ya kurekebishika, si na mwili dhaifu. Grant Hill alicheza mechi za mtoano za mwaka 2000 akiwa na kifundo kibovu hadi kikavunjika. Akapasuliwa, akasaini mkataba wa miaka 7 wa takriban dola milioni 93 akaenda Orlando, na msimu ulipofunguliwa akawa tayari uwanjani. Alicheza mechi 4 mwaka wa kwanza, 14 wa pili, 29 wa tatu, na wa nne hakucheza kabisa. Kila mtu alimzika. Msimu wa 2008-09, akiwa Phoenix na umri wa miaka 36, alicheza mechi zote 82. Stephen Curry naye alipasuliwa kifundo mwaka 2011, akarudiwa 2012, na Oktoba mwaka huo Golden State wakampa miaka 4 kwa dola milioni 44, fedha ambazo kwa nyota wa aina yake zilikuwa kidogo kwa sababu ya vile vifundo. Kilichombadilisha ni kazi nyingi ya kuimarisha nyonga, ili kifundo kisibebeshwe kila kona na kila breki. Alikuwa mchezaji bora wa ligi mwaka 2015 na tena 2016. Sikuambii senta wako ni Curry. Nakuambia kwamba kuna kasoro zinazorekebishika na zisizorekebishika, na kazi yenu wiki hii ni kujua yake iko upande upi.

Vipimo basi. Msianze na MRI (ile picha ya mashine inayoonyesha ndani ya goti), ni ghali na si ndiyo inayojibu swali la kwanza. Kisumu mna wanafiziotherapia wazuri, pale hospitali ya Jaramogi na kwenye kliniki binafsi. Mtafuteni mmoja ambaye hana urafiki na kocha. Mwombeni apime mzunguko wa paja kwa utepe, mahali palepale miguu yote miwili, upana wa kiganja juu ya pia ya goti. Kisha mchezaji aruke kwa mguu mmoja, mara tatu mfululizo kwenda mbele, na umbali upimwe. Mguu wa kushoto ukishindwa kufikisha asilimia 90 ya wa kulia, hajawa tayari, hata akitabasamu vipi. Halafu asimame juu ya benchi fupi ya mbao, ajidondoshe chini na kuruka papo hapo, huku mtu akimrekodi kwa simu kutoka mbele. Chezesheni ile video polepole. Kama goti la kushoto linakimbilia ndani wakati wa kutua, likitaka kugusana na mwenzake, mmeshaiona sababu ya msimu wake uliopita.

Hayo yote hufanywa akiwa na nguvu. Mfanyisheni kazi robo saa, mbio za kwenda na kurudi na kuruka chini ya kikapu, kisha rudieni kujidondosha benchini. Magoti mengi husema ukweli hapo. Na baada ya yote, mwacheni akalale, mwangalieni kesho yake asubuhi kabla hajanywa chai. Fizio atabonyeza pembeni mwa pia ya goti kuona kama kuna maji. Goti linalojaa maji baada ya mazoezi ya saa moja halitamaliza wikendi ya ligi. Hiki ndicho kipimo ambacho klabu zetu hukiruka, kwa sababu kila mtu ana haraka ya kupiga picha ya kusaini akiwa ameshika jezi. Goti likivimba, au likicheza-cheza fizio anapolivuta mbele, hapo sasa lipieni MRI. Mshahara wa mwezi mmoja anaouomba unazidi gharama hiyo.

Angalia kwamba sijasema mumuulize kama anaumwa. Muulizeni, ni adabu, lakini jibu lake msiliwekee uzito. Mwaka 1984 Portland (haohao tena, maskini) walimchukua Sam Bowie wakiwa na nafasi ya pili, na Chicago waliofuata wakamchukua Michael Jordan. Bowie alikuwa amekosa misimu miwili chuoni kwa kuvunjika muundi. Miaka mingi baadaye alikiri mwenyewe kwamba madaktari wa Portland walipokuwa wakimgonga-gonga muundi na kumuuliza kama anasikia kitu, aliwajibu hapana, na huku moyoni alijua panauma. Simlaumu. Alikuwa kijana mwenye familia ya kusaidia, na mlangoni kulikuwa na fedha. Senta wako yuko katika hali ileile, tena bila fedha za NBA. Wanaojua zaidi ni waliokaa naye chumba kimoja kwenye safari za ugenini: ni nani aliyekuwa akifunga barafu gotini kila usiku, ni nani aliyekuwa akimeza dawa za maumivu kabla ya mechi. Ulizeni huko.

Na msichukue kipimo kimoja kama hukumu ya mbinguni. Februari 2009 Oklahoma City walikuwa wamekwisha kubadilishana wachezaji ili kumpata Tyson Chandler, madaktari wao wakakitazama kidole gumba chake cha mguu, wakamrudisha New Orleans. Mwaka 2011 alikuwa nguzo ya ulinzi ya Dallas walipotwaa ubingwa. Fizio wa kwanza akisema hapana kabisa, tafuteni wa pili kabla hamjamfungia mlango.

Tuje kwenye fedha, maana ndiko hasa mnakoweza kuumia. Tuseme msimu wenu una mechi 20. Shilingi 60,000 kwa miezi 12 ni 720,000. Akicheza zote, kila mechi yake imewagharimu 36,000. Akicheza 11, kama alivyofanya takriban msimu uliopita, kila mechi imepanda hadi zaidi ya 65,000. Akicheza 4 tu, ni 180,000 kwa mechi, na bado mna mwaka mwingine wa mkataba mbele yenu. Hapo ndipo Orlando waliponaswa: kifundo cha Hill kiliwatesa kweli, lakini ile miaka 7 iliyohakikishiwa malipo ndiyo iliyowafunga mikono.

Mpeni mwaka mmoja. Mwaka wa pili ufunguke wenyewe akifikisha mechi 14 akiwa mzima na kupita tena vipimo vilevile. Andikeni "akiwa mzima na yuko tayari", msiandike "akicheza", la sivyo siku atakapofikisha 13 kuna mjanja kwenye kamati atakayemshauri kocha amwache benchi. Mshahara uwe 40,000 za msingi, na posho ya 15,000 kwa kila mechi. Akiwa mzima msimu wote anapata 780,000, zaidi ya alichoomba. Akiwa tayari kwa mechi 11 anapata 645,000. Kwa mechi 4, 540,000. Mwambieni hivyohivyo kwa namba, mkiwa mmekaa naye na karatasi mezani. Mchezaji anayeliamini goti lake hataona mmemdharau.

Lakini posho ya mechi ina sumu ndani yake, na hapa klabu nyingi hazifiki. Ukimlipa mtu 15,000 aingie uwanjani, umemlipa pia 15,000 afiche maumivu. Ndiyo Bowie tena, safari hii mmemtengeneza wenyewe. Kwa hiyo posho isilipwe kwa kucheza. Ilipwe kwa kupitishwa na fizio kwamba yuko tayari, hata kama kocha hakumtumia, na hata kama mmempumzisha kwa mpango. Na akiwa nje kwa sababu ya goti, alipwe nusu ya posho, 7,500, kwa kila mechi anayoikosa, mradi amehudhuria mazoezi yote ya tiba wiki hiyo. Mweka hazina atapiga hesabu haraka: mechi 11 akiwa tayari na 9 akiwa kwenye tiba ni 712,500, tumeokoa nini? Kwa fedha taslimu, 7,500 tu. Mlichonunua ni yale mazoezi ambayo hakuyapata alipotoka hospitali, na ambayo bila malipo atayaacha tena mwezi wa pili. Mimi ningeilipa fedha hiyo kuliko nyingine yoyote kwenye bajeti yenu.

Anayempitisha asiwe kocha. Hili halina mjadala.

Kuna fundisho jingine la mkataba, kutoka Philadelphia. Oktoba 2017 walimpa Joel Embiid, Mkameruni aliyekuwa amecheza mechi 31 katika misimu mitatu, nyongeza ya miaka 5 ya dola milioni 148. Magazeti yalipigia kelele kiasi hicho cha fedha, wachache wakasoma masharti. Kwa mujibu wa taarifa za wakati ule, klabu ilijiwekea haki ya kujiondoa endapo angekosa mechi 25 au zaidi na kucheza chini ya dakika 1,650 kwa sababu ya sehemu za mwili zenye historia, yaani nyayo na mgongo. Nje ya hizo, mzigo ulikuwa wa klabu. Nanyi fanyeni hivyo: tajeni goti la kushoto, basi. Akivunjika kidole akigombea ribaundi kwenye uwanja wenu, huyo ni wenu na mshahara wake kamili na posho yake. Embiid alikuja kuwa mchezaji bora wa ligi mwaka 2023. Msimu wa 2024-25 alicheza mechi 19 tu, safari hiyo akisumbuliwa na goti, kiungo ambacho, kwa taarifa hizohizo, hakikuwamo kwenye sharti la 2017. Kwa hiyo sharti lenu litawakinga na jeraha mnalolijua. La kesho halijui mtu.

Kuhusu bima, ulizeni mapema na ulizeni kwa maandishi. New York walipomsajili Amar'e Stoudemire mwaka 2010 kwa miaka 5 na karibu dola milioni 100, kampuni za bima hazikukubali kuyabeba magoti yake. Msimu wa kwanza aling'ara, kisha mwili ukaanza kudai, na Februari 2015 wakamwachia. Fedha zilitoka mfukoni mwao. Kampuni za hapa nyumbani pia hupenda kuondoa maradhi yaliyokuwepo kabla ya bima, na goti lililopasuliwa litaandikwa hapo kwanza. Ikiwa hivyo, jueni kwamba bima ya goti hilo ni klabu, na mtenge akiba. Makato ya SHA, bima ya afya ya serikali, ya asilimia 2.75 mtayapeleka kwa sababu ni sheria kwa mwajiriwa, lakini yasiwe ndiyo mpango wenu wote wa matibabu.

Sheria nitaipitia upesi, wakili wenu atawaeleza zaidi. Mkishamlipa mtu mshahara wa mwezi na kumpangia saa za mazoezi, ni vigumu kudai si mwajiriwa. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mfanyakazi aliyetimiza miezi miwili kazini angalau siku 7 za ugonjwa kwa malipo kamili na nyingine 7 kwa nusu malipo kila mwaka, na haki za sheria hiyo haziwezi kufutwa na mkataba. Kumwondoa kazini kwa sababu mwili umeshindwa kunahitaji kwanza kumwita, kumweleza sababu kwa lugha anayoielewa akiwa na mwenzake, na kumsikiliza. Ujumbe wa WhatsApp usiku baada ya kupoteza mechi hautoshi, ingawa nimeona klabu moja ikijaribu. Na kuna sheria ya fidia kwa majeraha ya kazini, WIBA, ya mwaka huohuo 2007. Vile vifungu vya "klabu haitahusika na jeraha lolote" ambavyo watu hunakili kwenye mitandao, nisingevitegemea kabisa. Wala msidhani kwamba kwa kuwa goti lilikuwa bovu tangu zamani, likikatika kwenye mechi yenu hamna deni.

Kitu ambacho hukukiandika, na ningependa kukijua, ni nani anayecheza nafasi hiyo akikosekana. Klabu ya NBA ina wachezaji 15 wa mkataba kamili na wengine wa mkataba wa pande mbili wanaoitwa wakihitajika. Nyota akiumia, wanaumia mfukoni, lakini kesho yake kuna mtu wa mita 2.10 anavaa jezi. Ninyi je? Kama mfumo wote wa kocha umejengwa juu ya huyu kijana mmoja, na nyuma yake yuko fowadi wa mita 1.90 aliyelazimishwa kucheza ndani, basi goti moja likivimba mmekwisha, hata mkataba uwe umeandikwa kwa wino wa dhahabu. Tafuteni kijana mrefu kutoka shule za huko kwenu, Maseno au kwingineko, aanze kujifunza nyuma yake. Tangu Nairobi City Thunder wawe klabu ya kwanza ya Kenya kucheza BAL, ligi ya vikapu ya Afrika, mwaka 2025, warefu wamepanda bei na wadhamini wote wanawataka waliokwisha kuiva. Wabichi bado wanapatikana.

Halafu safari. Kutoka Kisumu kwenda Nairobi ni zaidi ya kilomita 300, na mtu wa mita 2.03 kwenye kiti cha basi hukaa magoti yakiwa yamebanwa kifuani hadi mfike. Mwekeni kiti cha kando ya njia, mguu wa kushoto unyooke. Mkisimama Kericho na hapa Nakuru ashuke atembee. Mkiwa na mechi Jumamosi na nyingine Jumapili, mwaka huu wa kwanza acheze moja tu kwa dakika zake zote, na ya pili apumzike au apewe dakika chache, na iamuliwe Jumatano, si Jumapili asubuhi mkiwa mmefungwa jana yake. Toronto walifanya hivyo na Kawhi Leonard, aliyewajia baada ya msimu wa mechi 9. Walimchezesha 60 kati ya 82 msimu wa 2018-19, na Juni walibeba kombe. Mashabiki hawapendi. NBA yenyewe ilichoka, na tangu msimu wa 2023-24 mchezaji akikosa kufikisha mechi 65, isipokuwa kwa vighairi vichache, hahesabiwi kwenye tuzo kubwa. Lakini wenzetu hao wanauza tiketi na televisheni. Ninyi mnatafuta kubaki ligini.

Mnunulieni pia vishikizo vya kufunga kwa kamba vya kifundo, miguu yote miwili, avivae mazoezini na kwenye mechi. Kwa wachezaji wa vikapu wa shule za sekondari kule Marekani, vishikizo hivyo vilipunguza majeraha ya kifundo kwa zaidi ya nusu. Ni kitu cha bei ndogo, na kifundo kilichoteguka mara mbili kinatafuta ya tatu.

Sasa mdhamini. Aambiwe, ndiyo, na aambiwe kabla ya saini, kwa sababu akija kusikia Desemba kutoka kwa shabiki ataona ameuziwa mbuzi kwenye gunia, na hapo mtapoteza zaidi ya senta. Lakini kuna mpaka. Taarifa za afya ya mtu zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Mchezaji asaini kwanza kwamba amekubali, na aonyeshwe ni nini hasa kitakachosemwa na kwa nani. Mdhamini anahitaji sentensi tatu: ana historia ya upasuaji wa goti, amepimwa na kupitishwa tarehe fulani, na mkataba wake umeandikwa kwa kuzingatia hilo. Picha za MRI na ripoti ya fizio zibaki kwenye faili la klabu, zisiingie kwenye kundi la WhatsApp la kamati. Ninajua kundi lenu lina watu wangapi, maana makundi yote ya kamati yako hivyo.

Akikataa vipimo, mwacheni aende, hata kocha akilia. Akikubali na akashindwa, msimfukuze papo hapo: mpeni miezi mitatu ya tiba mkimlipa nauli na fizio bila mshahara, kwa makubaliano yaliyoandikwa kwamba mtampima tena kabla hajasaini popote. Na kama vipimo vimekwisha kufanyika, nitumie ile video ya kujidondosha benchini, iliyopigwa kutoka mbele, magoti yakiwa wazi bila suruali ndefu.